Kigawe Kidogo cha Sita na Nane

Baba,

Nilikosea hesabu. Nakwambia hili kabla ya habari nyingine zote, kwa sababu nikiliacha mwishoni nitalificha, kama nilivyokuwa nikificha daftari lenye alama nyekundu chini ya godoro. Nawe ulikuwa ukilitoa huko, unaliweka mezani, na kuendelea kunywa chai bila kusema neno.

Dua nimekusomea kabla ya kushika kalamu. Mama hajambo. Bado yuko katika eda, amebakiza siku nane. Anakaa chumbani kwenu, nguo zake nyeupe, hatoki hata kibarazani, na shughuli zote za nje zimeniangukia mimi. Unanijua, Baba. Mimi niliyekuwa nikijificha nyuma yako tukikutana na mwalimu mkuu njiani, sasa ndiye ninayepanga foleni ya sukari na kujibu hodi. Shule nimemaliza, mtihani wa kidato cha nne nimeufanya, majibu hayajatoka. Siyo habari ya mtihani ninayotaka kukupa.

Mjomba Swaleh alikuja Jumatano moja mchana, wewe ukiwa umeondoka karibu miezi mitatu. Alipita mlango wa uani, bila viatu, viatu vikiwa mkononi. Ofisini kwao wenzake wawili wa meza moja walikuwa wamechukuliwa na askari saa nne asubuhi. Koti la mmoja lilibaki kwenye kiti. Mjomba alikuwa chooni. Aliporudi akaliona lile koti na viti vitupu, akageuka, akashuka ngazi, akatembea kwa miguu kutoka mjini Kampala mpaka kwetu Namuwongo, akifuata reli. Mama alimtazama mdogo wake. Alisema tu, "Ingia humu." Humu, yaani chumba cha eda. Ni ndugu yake wa tumbo moja, yeye anaruhusiwa kuingia. Mwanamume mwingine haruhusiwi. Tukavuta pazia, akakaa nyuma ya kabati lako la vitabu.

Kesho yake, Alhamisi, wakaja watatu wenye bunduki. Nilikuwa nachochea makaa ya sigiri. Walipekua jikoni, wakapekua chumba changu, wakamwaga maharage chini. Walipofika mlango wa Mama, wakasikia sauti yake ikisoma Yasini nyuma ya pazia. Mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akamzuia mwenzake kwa mkono. "Huyu mama iko na eda," akasema. "Hapana ingia. Dhambi hii itafuata sisi mpaka nyumbani." Yule kijana aliyekuwa mkubwa wao hakupenda. Akanigeukia mimi. "Eda inaisha siku gani?"

Baba, ulinifundisha kujibu swali lililoulizwa. Nilijibu. Nilisema, "Siku arobaini kutoka leo, Jumanne." Nilikuwa nimeshahesabu, si unajua, mimi huhesabu kila kitu. Nikamjibu kama ninavyokujibu wewe, haraka na kwa usahihi, kumbe ningeweza kusema sijui. Akatabasamu. "Basi siku hiyo tutakuja toa pole."

Walipoondoka niliokota maharage yale moja moja. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wiki ile nzima hatukujua la kufanya. Halafu akaja Mzee Bakari, rafiki yako dereva, yule wa lori la chumvi kutoka Mombasa. Bado anapita kutuletea pakiti ya chumvi kila safari, anaiweka kizingitini na kumpa Mama pole kwa sauti akiwa uani. Siku hiyo alikuwa na hadithi ya kizuizi cha barabara ya Jinja, kile ukishapita Kyambogo. Kila akirudi Mombasa na lori tupu, alisema, askari humshushia magunia yote matupu na kuyachoma kwa singe, gunia kwa gunia, kama watu wanaotafuta viazi. "Lakini Alhamisi iliyopita nilimkuta jirani yenu, Afande Rajabu. Akanishika mkono, akasema, 'Mzee ya chumvi, pita, salimia bahari.' Hakugusa hata kamba!"

Afande Rajabu unamkumbuka vizuri. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, yeye Mwislamu wa kaskazini na mkewe Mkristo, na binti yao Zubeda uliyemfundisha hesabu kwenye kibaraza bila kuchukua hata senti. Siku ya maziko yako alilibeba jeneza kutoka hapa hadi makaburini, hakukubali kupokewa.

Mzee Bakari alipoondoka, Mjomba alitoa kichwa nyuma ya kabati. Alikuwa amesikia yote. Aliniuliza zamu za Afande zikoje. Nilizijua, kila mtu mtaani anazijua kwa sababu Mama Zubeda hulalamika kwa sauti: siku moja kizuizini, siku tano kambini, kisha kizuizini tena. Kila siku ya sita. Na Mzee Bakari huondoka Kampala kila siku ya nane, hajawahi kuchelewa. Alhamisi ile, siku ile ile ya upekuzi, walikutana. "Sasa niambie, binti Mwalimu," Mjomba akasema, "watakutana tena lini?"

Sita mara nane. Nilisema, "Arobaini na nane." Sikuchukua penseli. Nilitaka kuwa mwepesi kama wewe, na nilitaka kufuta kosa la Alhamisi. Mama akauliza taratibu kutoka kitandani, "Na eda?" Eda ilikuwa arobaini. Mjomba akacheka kicheko kikavu. "Basi hesabu imetukataa." Hakuna aliyeniuliza tena, maana nani atamuuliza binti wa Mwalimu Hamisi mara ya pili juu ya sita mara nane?

Umeshaliona kosa. Najua umeliona kabla sijafika hapa.

Unakumbuka mvua ile ya Aprili, paa lilipokuwa likivuja mahali pawili? Uliweka sufuria huku na ndoo kule, tukakaa katikati tukisikiliza. Ulikuwa ukihesabu kwa bakora. Sufuria ilipata tone kila hesabu ya nne, ndoo kila hesabu ya sita, na ukaniuliza matone yataanguka pamoja kwenye hesabu ya ngapi. Nikasema ishirini na nne. Hukusema ndiyo wala siyo. Uliendelea kugonga bakora, na kwenye kumi na mbili, to! yakaanguka yote mawili kwa pamoja, ukacheka mpaka kofia ikakuanguka. "Paa limekushinda, Rukia." Kisha ukanifafanulia: nne ni mbili mara mbili, sita ni mbili mara tatu, kuna mbili moja wanayoishiriki, na wewe umeihesabu kwa huyu na ukaihesabu tena kwa yule. Kilicho cha wote huhesabiwa mara moja. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani nimeelewa kwa maisha yangu yote.

Hofu ni kitu gani, Baba? Mimi nilidhani hofu hukimbiza moyo tu. Kumbe huingia hadi kwenye hesabu.

Siku zikaenda. Mjomba akaanza mipango mingine. Kulikuwa na mtu wa ziwani, rafiki wa mtu mwingine, ambaye angempeleka hadi mpakani kwa miguu na mtumbwi. Hatukumjua. Mama alilia kwa sababu ya huyo mtu, alisema anayejulikana na kila mtu anajulikana na askari pia. Lakini Mjomba alisema hatakaa hapa hadi Jumanne ile aje avutwe mbele ya dada yake. Angeondoka siku ya ishirini.

Siku ya kumi na nane nilikuwa nachagua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimekaa uani, kichwa hakifanyi kazi, na vidole vikaanza kupanga vyenyewe. Nilipanga maharage arobaini, moja kwa kila siku tangu Alhamisi ile hadi mwisho wa eda. Ulikuwa ukituambia, tulipokuwa wadogo, kwamba akili ikiogopa uipe mkono kazi. Wenzangu shuleni waliicheka njia ile ya kuorodhesha, walisema ni ya watoto wa darasa la nne, nami nikaiacha kwa aibu. Kila harage la sita nikalisogeza juu, la Afande. Kila la nane nikalisogeza chini, la Mzee Bakari. Sita, juu. Nane, chini. Kumi na mbili, juu. Kumi na sita, chini. Kumi na nane, juu, ndiyo leo. Nilipofika la ishirini na nne sikujua nilisogeze wapi.

Nilikaa nalitazama. Nikaanza upya kutoka la kwanza. Likawa lile lile. Sita ni mbili mara tatu. Nane ni mbili mara mbili mara mbili. Ile mbili ya sita imo tayari ndani ya nane, na mimi nilikuwa nimeihesabu tena. Mbili tatu za nane, mara ile tatu ya sita, basi: ishirini na nne. Arobaini na nane haikuwa uongo, siku hiyo nayo wangekutana. Lakini haikuwa ndogo kuliko zote, nasi tulikuwa tunahitaji ile ndogo kuliko zote.

Unajua ilinichukua muda gani kuingia chumbani kusema? Tangu adhuhuri mpaka karibu alasiri. Nilisimama kwenye pazia na ungo mkononi. Niliona aibu kuliko hofu, nakiri. Kisha nikaingia, nikasema, "Nilikosea. Ni Jumapili, siku sita kutoka leo." Mjomba akautazama ungo, akahesabu mwenyewe kwa kidole mara mbili. Nilingoja anitukane. Akasema, "Mwalimu angekuchapa," kisha akafunika uso kwa mikono yake na mabega yakamtikisika, sikujua kama analia au anacheka. Mama alinishika mguu, maana ndio uliokuwa karibu naye.

Jumamosi nilikwenda Nakivubo, kwenye stoo wanakoshusha chumvi. Sijawahi kwenda huko peke yangu. Wanawake wa kupima chumvi walikuwa wakitaniana, mmoja akanipigia kelele, "Wewe mrefu, unangoja mchumba au unangoja chumvi?" nikatamani ardhi inimeze. Nilizunguka lile lori mara tatu. Mzee Bakari alikuwa chini yake, miguu tu inaonekana. Nikaisemesha miguu. Nilimwambia Mama anasalimia, na kwamba tuna mtu anayetafuta kazi ya kukunja magunia, kazi ya siku moja, hadi kwao Mombasa. Ile miguu ikatulia kabisa. Baada ya muda akatoka, akajifuta mikono kwa tambara, akanitazama usoni kama anayesoma maandishi madogo.

"Mwanangu, mimi nina wajukuu sita."

Nilisema, "Ndiyo, Babu."

"Baba yako aliniandikia barua zangu zote miaka kumi." Akatazama magunia. "Magunia ni mengi. Mwambie huyo mtu awe hapa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na avae nguo asiyoipenda."

Nilipokuwa narudi hofu mpya ikanishika. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, lakini hesabu haijui homa. Je, kama Afande angeugua? Kama wangebadilishana zamu? Nisingeweza kuuliza. Nikapita kwa Mama Zubeda kuomba kaa la moto la kuwashia sigiri, na nikaona magwanda ya Afande yamepigwa pasi, yananing'inia mlangoni, mikunjo imesimama. Hupigwa pasi kwa siku za kizuizini tu. Nilishusha pumzi. Mama Zubeda akaniona natazama. "Wee, mtoto ya Mwalimu! Unatazama nguo ya bwana yangu, unataka kuja mke ya pili?" Akacheka, akanipa makaa mawili kwenye kigae. Nilicheka pia. Sauti ya kicheko changu ilinitisha.

Mjomba aliondoka Jumapili baada ya alfajiri, amevaa shati lako la kupakia chokaa. Samahani. Mama ndiye aliyelitoa. Sikuweza kula siku ile wala iliyofuata. Kila gari likipunguza mwendo nilisimama. Jumapili jioni Afande alirudi nyumbani, nikamsikia akimwita Zubeda kwa jina, akimwomba maji, sauti yake ya kila siku. Nikajiambia basi wamepita. Kisha nikajiambia labda hakuwa na habari, labda waliwakamata mbele zaidi. Hivyo siku saba.

Jana Mzee Bakari alikuja. Aliweka chumvi kizingitini, akasema kwa sauti, majirani wote wasikie, "Mama, pole tena. Yule mgonjwa wetu wa Mombasa amepona, anakula ugali mbili." Nilimsikia Mama ameanguka kusujudu.

Ningependa kuishia hapo, Baba. Lakini leo asubuhi nilipokuwa nachota maji, Afande Rajabu alisimama nyuma yangu. Alikuwa na sanduku la chuma begani. Alisema wanampeleka mpakani mbali, leo hii, mkewe na Zubeda wanabaki. Nikasema safari njema. Hakuondoka. Alitazama ndoo yangu ikijaa, ikafurika, sikuwa na nguvu ya kufunga bomba. Alilifunga yeye.

"Binti Mwalimu," akasema polepole. "Gunia tupu hapana kohoa. Ambia ile mzee."

Hapakuwa na mtu mwingine bombani. Nilitaka kusema sijui unachosema, nilitaka kupiga magoti, nilitaka wewe uwepo. Kisha akauliza, na hata sasa sijui kama alikuwa anaomba au ananitisha, "Mwalimu amekufa. Mimi nakwenda. Zubeda nani atafundisha yeye hesabu?"

Nikasema, "Mimi."

Nilisema kwa sauti ndogo mno, akainama akauliza, "Nani?" Ikabidi nirudie. "Mimi, Baba Zubeda. Mimi nitamfundisha." Akaitikia kwa kichwa, akatengeneza sanduku begani, akaenda zake barabarani.

Kwa hiyo alijua. Jumapili ile alisimama kando ya lori, akasikia mtu anakohoa, wenzake wakiwa na bunduki hatua chache tu, akasema pita. Tuliyapanga maisha yake ndani ya hesabu yetu bila kumwuliza, kama harage. Hilo linanitisha kuliko singe. Na kama kuna mwingine aliyesikia kikohozi kile, huko anakopelekwa leo siyo kazi mpya. Sijui. Naogopa kwa ajili yake, namwogopa, yote mawili kwa pamoja.

Jumanne ya wiki ijayo Mama anatoka eda, na wale watatu watakuja. Nimefagia nyuma ya kabati. Nimefua shuka. Mama anasema nitafungua mlango mimi, kwa kuwa ukifunguliwa na mwenye hofu wataiona usoni, na mimi nimezoea sasa. Sijazoea. Lakini nitafungua.

Barua hii siwezi kuileta kaburini wala kuiweka popote, majina yamejaa humu. Nitaisoma mara moja kwa sauti ya chini, kisha itaingia kwenye sigiri, chai ya Mama ichemke juu yake. Niwie radhi kwa hilo na kwa lile shati. Mungu akulaze mahali pema, Baba, penye paa lisilovuja.

Zubeda amekuja saa kumi na ubao wake wa kuandikia, amekaa mahali pako kibarazani, miguu haifiki chini. Nilimwuliza nne na sita. Akajibu ishirini na nne, upesi, kwa fahari. Sikumwambia ndiyo wala siyo. Nimemletea maharage. Nakuahidi sitamharakisha, hata nikisikia gari linasimama nje nitamwacha amalize safu yake hadi mwisho.

Mwanao,
Rukia